Sindano ya Mgongo na Maneno ya Dirishani

Mimi nilizaliwa na kinyaa. Mama yangu alikuwa akisimulia kwamba hata kabla sijaanza kutembea, mtu akipenga kamasi mbele yangu nilikuwa nageuza uso na kulia. Kwetu Mikindani kinyaa hakikunitesa, maana kisima kilikuwa uani na maji yalikuwa ya kuchota na kumwaga. Mateso yalianza nilipoolewa huko juu, upande wa Nanyamba, kwa watu wa mikorosho na mihogo, ambako maji yalifuatwa bondeni na kupandishwa kichwani.

Sisemi watu wa juu ni wachafu. Hasha. Nimeishi nao, na wapo walionionyesha namna mtu anavyoweza kuoga kwa kata mbili za maji akatoka anang'aa. Nasema nyumba niliyoingia mimi. Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa ugoro, na mate yake meusi aliyatema popote alipokaa: kando ya kinu, kando ya mkeka, kando ya sahani ya mtu. Alikuwa na kifuu chake cha kutemea akiwa ndani, na siku moja nilimwona anakikung'uta, anakifuta kwa kiganja, halafu anachotea unga wa muhogo. Nilitoka nje nikatapika. Nilipomweleza mume wangu, alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Nyie watu wa pwani mnajidai sana," akasema. "Kula, bwana."

Mume wangu hakuwa mtu wa kupiga wala wa kutukana. Alikuwa mtu wa kuitikia. Mama yake akisema twende, wanakwenda. Mjomba wake akisema keti, anaketi. Kule kwao mjomba, yaani ndugu wa mama, ana neno kubwa kwa mpwa wake kuliko hata baba, na baba mkwe mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki. Kwa hiyo nyumba ilikuwa na wakubwa wawili, mama na mjomba, na mume wangu akawa katikati anasema ndiyo huku na ndiyo huku.

Maji yale ndiyo yaliyonivunja. Wanawake tulishuka bondeni asubuhi na madebe, tunasubiri zamu kwenye kishimo, tunachota maji mazito yenye rangi ya chai ya maziwa, halafu tunapanda nayo mlima. Wenzangu walizaliwa na mlima ule miguuni. Mimi nilipanda nahema, shingo imezama mabegani. Siku moja niliinama kunyanyua debe nikasikia kitu kiunoni kinakatika, pwa, kama muhogo mbichi unapovunjwa. Nilikaa chini palepale kwenye tope na maji yote yakanimwagikia.

Tangu siku hiyo maumivu yalianzia kiunoni yakapita takoni, yakashuka nyuma ya paja mpaka kisiginoni, usiombe. Baada ya muda maumivu yakaambatana na ganzi, na mguu wa kushoto ukaanza kuburuta vidole mchangani. Mama mkwe akamleta fundi wake wa kuumika. Yule mzee alinichanja mgongo kwa wembe, akanibandika pembe ya ng'ombe, akavuta damu kwa mdomo. Pembe ile ilikuwa imenyonya damu ya nusu ya kijiji, na ndani yake kulikuwa na ukoko mweusi ambao hakuna aliyewahi kuusugua. Nilifumba macho nikajisemea, nikifa leo nitakufa kwa kichefuchefu, si kwa mgongo.

Nilikuwa sijajaliwa mtoto. Kwa hiyo mguu ulipozidi kulegea, nikawa siwezi tena kushuka bondeni, maneno yalianza. Mama mkwe hakuyasema kwa siri. Aliyasema kwa Kimakonde, akidhani sijui, kumbe nilikuwa nimekijua zamani kwa kuchekwa nacho. "Hana mtoto," alikuwa akiwaambia wageni wake. "Na sasa hana hata kiuno." Wageni wanaguna, yeye anatema ugoro wake, ptuu, mazungumzo yanaendelea.

Baba yangu alipopata habari alikuja na lori la watu wa bandari. Zilikuwa ni siku zile Mtwara bandari mpya inajengwa, na kando ya kambi za wajenzi kulikuwa na hospitali ya majengo ya bati yenye daktari Mzungu aliyekuwa amepasua askari wakati wa vita. Daktari alinilaza chali, akaninyanyua mguu ulionyooka, nikapiga ukelele. Akanigonga goti kwa kinyundo cha mpira, akanichoma vidole kwa pini. Kisha akamweleza dresa, msaidizi wake wa kufunga vidonda, na dresa akatueleza sisi: kati ya pingili na pingili ya uti wa mgongo kuna kipande laini, changu kimechomoka na kimekalia mshipa wa mguu. Kikiachwa, mguu utakufa, na huenda hata haja ndogo nikashindwa kuizuia. Kikitolewa, huenda nikatembea.

Huenda. Neno hilo mume wangu alilisikia, na mama yake aliyekuja naye alilisikia vizuri zaidi.

Mara ya kwanza walitaka kunipasua kwa nusukaputi. Kwa wasioijua nusukaputi ya wakati ule, nawaeleza. Walikuwa na kifuniko cha waya kilichovishwa kitambaa, wanakuwekea puani na mdomoni, halafu mtu anadondoshea dawa juu yake, tone, tone, tone. Harufu yake ni tamu ya kuchukiza, kama embe lililooza likamwagiwa spiriti. Na chini ya harufu ya dawa, wallahi, nilisikia harufu ya midomo ya watu wengine. Kitambaa kilikuwa kimefuliwa, nesi aliniapia, lakini pua yangu naijua. Nilipiga teke, watu wanne wakanishika, nikaomba maji, nikaita mama, halafu masikio yakavuma na sikujua tena kitu.

Yaliyofuata niliambiwa. Nilipolala fofofo walinigeuza kifudifudi ili wapate mgongo, na hapo ndipo matapishi yalipopanda yakanikaba. Midomo ikawa bluu. Daktari akapiga kelele, wakanigeuza haraka, wakanifyonza koo, wakasitisha kila kitu. Nilitolewa mgongo haujaguswa, ninakoroma, ulimi nje, udenda unashuka mpaka sikioni. Waliponiletea habari hiyo ya udenda nililia kuliko nilivyolilia mguu.

Na kuna jambo jingine nililolikuta nilipozinduka. Paja langu la kulia, lile zima, lilikuwa na alama nyeusi. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyejisifu mbele ya wagonjwa wa wodi nzima.

"Nilimfinya!" akasema. "Nilimfinya kwa kucha mpaka basi, hakutikisika hata kope. Mtu akishapewa dawa ile ni maiti, jamani. Hata ukimtukana hajui."

Watu wakacheka. Mume wangu naye akacheka kidogo, akanitazama, akaacha. Mimi nilivuta kanga nikafunika paja, nikahisi kama nimefunuliwa mbele ya soko zima.

Baada ya siku chache daktari alikuja kunitazama, akakaa kwenye kigoda, dresa kando yake. Akasema kunilaza tena usingizi kifudifudi ni kucheza na roho yangu. Lakini ipo njia nyingine. Atanichoma sindano uti wa mgongo, chini, na sehemu yote kuanzia kiunoni itakufa ganzi. Nitakuwa macho, nitapumua mwenyewe, sitatapika, na nikiona vibaya nitasema.

"Nitakuwa macho huku mnanichinja?" nikauliza.

"Hutaumwa," dresa akasema.

"Hakuna kile kitambaa?"

"Hakuna."

"Basi nichomeni hata leo," nikasema. Naapa, sikukubali kwa ushujaa. Nilikubali kwa sababu ya kitambaa.

Wakwe zangu hawakuelezwa. Siyo kwamba walifichwa; hawakuwepo. Walikuja asubuhi ya siku yenyewe, mume, mama yake na mjomba, wakakuta nimekwisha kuingizwa, wakaambiwa wasubiri nje. Wakaenda kuchuchumaa kwenye kivuli cha ukuta, chini ya dirisha la chumba cha kupasulia. Dirisha lilikuwa na wavu wa waya na limeachwa wazi kwa sababu ya joto la bati. Nani angewaambia kwamba ipo dawa nyingine zaidi ya ile waliyoiona? Kwao kupasuliwa ni kulazwa maiti.

Ndani, nesi mmoja mnene, mtu wa bara ya mbali asiyejua neno la Kimakonde, alinikalisha ukingoni mwa meza, akanikumbatia, akanikunja kidevu kifuani. Mgongo wangu ukapakwa dawa ya baridi. Nikasikia kuchomwa kidogo, kisha kusukumwa, kisha umeme ukapita mguuni mara moja, nikashtuka, nesi akanibana. Baada ya hapo joto likashuka miguuni taratibu, kama unaingia kwenye maji ya kuoga. Nikajaribu kutikisa vidole. Vidole vikagoma. Nilijitazama mapaja, nikayashika kwa mkono, nikayaona ni ya mtu mwingine. Hata hilo lilinichefua, kushika nyama yako mwenyewe isiyojua kuwa umeishika.

Wakanigeuza kifudifudi juu ya mito. Uso wangu ukawa pembeni ya meza, unatazama chini. Kwa hiyo sikuona chochote ila sakafu, na ndoo, na viatu vya daktari vya turubai nyeupe. Damu ilidondoka kwenye kiatu cha kulia. Pamba zikatupwa ndooni moja baada ya nyingine, na nzi mmoja, sijui alipenya wapi, akawa anazunguka ukingo wa ndoo. Kisha ukaanza mlio. Daktari alikuwa anamega mfupa kwa koleo, kwa, kwa, kwa, kama mtu anayetafuna shingo ya kuku. Sikuumwa hata chembe. Nilisikia kuvutwa na kusukumwa tu, na mlio huo unapita ndani ya meno yangu. Nilimwambia nesi nataka kutapika, akaniletea limau ninuse, ikapita. Ingekuwa nusukaputi ningekwisha kukabwa tena.

Na hapo, nikinusa limau, nikasikia ptuu.

Mate yale ningeyatambua popote duniani. Yalitua ukutani nje, hatua chache tu kutoka kichwani pangu.

"Sasa semeni," mama mkwe akasema, kwa Kimakonde. "Ameshakufa yule humo ndani. Tusingoje mpaka aamke."

"Ngoja tuone anatokaje," sauti ya mume wangu ikajibu.

"Tuone nini? Akitoka kilema, utamwacha kilema? Watu watasema nini? Watasema mwanangu hana huruma, amemtupa mgonjwa. Mwache sasa, wakati bado ana miguu. Akitoka mbovu, tunasema talaka ilikuwa ya zamani, baba yake aje amchukue hukuhuku hospitali. Akitoka mzima tunanyamaza. Nani atajua?"

Koleo nalo likaendelea, kwa, kwa, kwa. Mjomba akakohoa.

"Na akitoka mzima, maji atachota?" mjomba akauliza.

"Atachota. Kwa nini asichote?"

Mjomba akasema ikiwa ni hivyo, basi yeye yupo, atashuhudia. Na mume wangu, mtu wa kuitikia, akavuta pumzi. Alisema kwa Kiswahili, maana ndivyo alivyofundishwa chuo cha Kurani kwamba maneno haya yanasemwa. Alinitaja kwa jina langu na la baba yangu. Akasema ameniacha kwa talaka moja.

"Alhamdulillahi," akasema mama yake. Kisha akalalamika kwamba pale ukutani pananuka mizoga ya samaki, wahame kivuli.

Jamani. Nililala pale mgongo uko wazi, mtu ananitafuna mifupa, na mtu mwingine ananiweka akiba kama viazi. Sikulia. Kilichonijia hakikuwa uchungu hata kidogo, kilikuwa kinyaa, kinyaa kile kile cha kifuu na unga, ila sasa kimepanda kutoka tumboni mpaka kwenye nywele. Nesi aliona uso wangu akadhani dawa inaisha. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, endeleeni.

Daktari alipomaliza alinionyesha kile kipande kwenye kibakuli: kitu cheupe, kidogo, chenye utelezi kama kipande cha ngisi. Nilikitazama sana. Kwa mara ya kwanza maishani nilitazama kitu cha kutia kinyaa bila kuona kinyaa, kwa sababu tayari nilikuwa nimesikia kibaya zaidi.

Dresa alinionya nisiinue kichwa, nilale tambarare, la sivyo sindano ile itaniletea kichwa cha kupasua. Waliponitoa nikafumba macho. Wakwe walikuja kitandani, nikasikia harufu ya ugoro juu ya uso wangu.

"Bado," mama mkwe akasema. "Bado maiti."

Sikupepesa. Nilikaa na macho yangu yamefumbwa nikiomba asinifinye, kwa sababu safari hii, katika paja, asingenitia maumivu, lakini ningeweza kumtemea mate.

Ganzi iliisha jioni. Kidole gumba cha kushoto, kile kilichokuwa kinaburuta, kikacheza. Nikakichezesha tena na tena chini ya shuka mpaka machozi yakanitoka. Kesho yake mama yangu alipokuja kuniuguza nilimwambia mambo yote mawili, la kidole na la dirishani. Kwa la kidole alisujudu. Kwa la dirishani alisimama, akafunga kanga kiunoni, akataka kutoka mbio.

"Niache nikawaumbue!" akasema. "Leo leo!"

"Kaa chini, mama," nikasema. "Ukiwaumbua leo, atatamka neno moja tu, nimekurejea, na nitakuwa mke wake tena. Nitarudi bondeni."

Ndivyo sheria yetu ilivyo, na mama aliijua kuliko mimi. Talaka moja mume anaweza kuirudisha kwa neno lake, mke apende asipende, maadamu eda haijaisha. Eda ni mpaka mwanamke aone tohara zake tatu, yaani atoharike hedhi mara tatu. Ikishapita, basi, mume hana neno juu yake. Akimtaka aje kuposa upya, na mwanamke aseme nakubali au sikubali. Daktari alikuwa ameshasema nisibebe mzigo wowote kichwani, pengine maisha yangu yote. Nikirudi kule na debe lile, mgongo huu hauna mara ya pili. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja, kunyamaza mpaka tohara ya tatu ipite, na kuomba Mungu mume wangu asije akajirekebisha mwenyewe.

Mama akakaa. Akaziba mdomo kwa pindo la kanga na kutikisa kichwa.

Kutoka hospitali baba alinichukua Mikindani, kwa sababu ya agizo la daktari, na wakwe hawakupinga. Nani anataka kumlisha mtu asiyechota maji? Nikawa natembea ndani kwa kushika ukuta, kisha uani kwa fimbo, kisha bila fimbo. Mume wangu alikuja mara kwa mara na makopa ya muhogo mkavu na korosho. Kila akija, nakaa chonjo. Anafungua mdomo, mimi nasema moyoni, leo, leo anatamka. Anaishia kuniuliza kama nimekula.

Mara moja alitaka kulala. Alikaa ukingoni mwa kitanda changu, akaniwekea mkono begani, mkono wa mtu aliyeniacha, anajua kabisa kuwa ameniacha, na bado unapapasa. Ngozi yote ilinisisimka. Nikamwambia daktari amekataza, mgongo haujapona. Akaondoa mkono upesi akasema, "Basi, basi, pona kwanza mke wangu." Mke wangu! Alipotoka nilioga kwa maji ya kisima mpaka mama akanigombeza kwamba nitapata homa.

Mama mkwe alikuja naye mara moja, na uji wa muhogo ndani ya kibuyu. Aliona natembea. Alinizunguka kama anayenunua mbuzi, akanigusa kiuno, akanyanyua mikono juu kumshukuru Mungu.

"Mwanangu! Nilikulilia, mwanangu! Ulipokuwa umelala kule ndani nilikuwa nje nakuombea dua, kaulize!"

"Ahsante, mama," nikasema. Uji niliwamwagia kuku walipoondoka, na kuku wenyewe walifikiri kwanza.

Tohara ya tatu ikapita. Mama alinitazama, nikamtikisia kichwa kwamba tayari, naye ndipo akamweleza baba. Baba yangu hakuwa mtu wa makelele. Alikaa akisugua goti lake. Wakwe walipotuma habari kwamba wanakuja kunichukua, maana msimu wa korosho umeingia na mikono inahitajika, baba alijibu karibuni. Kisha akaenda kumwomba mwalimu wa chuo cha Kurani aje barazani siku hiyo, atuombee dua ya safari.

Walikuja wote watatu, wamevaa vizuri. Mama mkwe alikuwa amekwisha kuniletea kata mpya ya mkonge, ile ya kuweka kichwani chini ya debe. Aliiweka mkekani mbele ya watu kama zawadi.

Nikatoka ndani kwa miguu yangu, mgongo wima. Nikakaa karibu na mama.

"Haya, mwanangu," mama mkwe akasema, "funga vitu vyako."

"Niende na nani?" nikauliza. "Mimi si mke wa mtu."

Mume wangu akainua uso. Mjomba akaangalia makubadhi yake.

"Uliniacha," nikamwambia mume wangu. "Talaka moja. Siku napasuliwa, chini ya dirisha, mjomba yupo. Ulinitaja kwa jina langu na la baba. Mama yako akasema nikitoka mbovu nichukuliwe hukuhuku, nikitoka mzima mnyamaze nichote maji. Akashukuru Mungu. Akasema pananuka samaki, mhame."

Nilimwona anataka kusema sivyo. Midomo ilishajipanga. Angesema tu, ningekuwa mimi na neno langu, na yeye na neno lake, na mjomba wa kwake na mama wa kwake. Lakini mama yake hakumpa nafasi. Alisimama ametunisha shingo, kidole kwenye pua yangu.

"Mwongo! Mwongo mkubwa we! Utasikiaje na ulikuwa umelala? Si ulikuwa maiti? Nani kakwambia? Nani?"

Hata yeye mwenyewe, nadhani, alilisikia neno lake likiwa limeshatoka, maana kidole kikabaki hewani.

"Kumbe yalisemwa," mwalimu akasema polepole.

"Walimchoma sindano ya mgongo," mama yangu akamjibu mama mkwe, sauti tamu kama halua. "Hakulazwa. Alikuwa macho tangu mwanzo mpaka mwisho, bibi."

Mwalimu akamgeukia mume wangu. Akamuuliza kama alinirejea kabla eda haijaisha, na mbele ya nani. Mume wangu, kama kawaida yake, akamtazama mjomba. Mjomba akatazama msahafu uliokuwa kwenye mapaja ya mwalimu, akatazama njia, akakuna kidevu.

"Mimi niliitwa kwenye kuacha," akasema. "Kwenye kurejea sikuitwa."

Mume wangu alijikung'uta kanzu akanyanyuka, na usoni mwake, nisiwe mwongo, niliona haya ya kweli. Akaniambia nimsamehe, nikamwambia aende salama. Mama yake alikuwa wa mwisho kutoka. Mdomo ulikuwa umejaa ugoro, asijue autemee wapi kwenye uwanja wa mama uliofagiliwa. Akaumeza. Niliona koo lake linashuka.

Akainama kuokota kata yake ya mkonge, akanisogelea.

"Miezi yote hiyo," akasema, "nakuletea uji, nakuita mwanangu, na wewe unajua. Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nimelala, mama," nikamjibu.